Lemuel Stovall Aliyekataa Kukatwa

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1946, jumba pekee la sinema katika mji wa Tarver's Ford, Mississippi, lilionyesha picha ambayo ndani yake Lemuel Stovall alitamka maneno machache tu. Tangazo la gazeti la juma hilo lipo, na tarehe haina ubishi. Jina la Stovall halimo katika tangazo. Lakini katika Central Avenue, mtaa wa Weusi wa Los Angeles, kila kinyozi na kila mama wa kwaya alilijua.

Huko alihesabiwa nyota. Aliwasili mwaka 1931 akitokea Tarver's Ford, mwenye sauti nzito na mwendo wa shemasi, akacheza wapagazi wa treni, wapishi na watumishi wa ndani wasio na idadi. Siku za Jumapili watu walimwiga barabarani namna alivyopokea kofia za mabwana. Hakukasirika. Kofia alizipokea kama hakimu anavyopokea ushahidi.

Alijivunia jambo moja zaidi ya yote: aliwabana wenye kampuni ya picha mpaka wakampa maonyesho yake mwenyewe ndani ya picha. Wenzake walipita nyuma ya wakubwa na sinia mkononi; Stovall alikuwa na jiko zima, akiimba na kuzozana na masufuria, kamera ikimtazama yeye tu. Aliyaona hayo kuwa heshima.

Dada yake, Ruby Nell, ndiye aliyemvua fahari hiyo. Alikuja Los Angeles mwaka 1943 kufanya kazi katika kiwanda cha ndege, na jioni ya kwanza, mbele ya sahani ya kambare wa kukaanga, akamweleza jinsi mama yao, Bi Arzula, alivyokuwa akienda sinema. Kila picha ya mwanawe ilipofika, alivaa kofia ya kanisani, akapanda ngazi za nje mpaka roshani walikotengewa Weusi, akakaa hadi taa zikawashwa. Lemuel hakuwamo hata mara moja. Majirani walikuwa wamekwisha kunong'ona kwamba kijana anafagia sakafu California, na kwamba mama yake ni mwongo.

"Mama hawajibu," Ruby Nell alisema. "Anasema tu, labda nilisinzia. Kaka, mama hasinzii hata Mchungaji Bascomb akihubiri, na yule mtu hulaza mpaka nzi."

Stovall aliipeleka habari hiyo kwa kinyozi Hosea Crump, ambaye naye aliwahi kucheza picha zama za picha bubu. Crump alicheka mpaka akaweka wembe chini.

"Kumbe hukujua? Kule Kusini hawataki kumwona Mweusi kwenye pazia akiwa na akili zake. Picha ikifika, wanachukua mkasi. Wewe ukiwa peke yako jikoni wanakutoa kama unywele kwenye mchuzi, na mchuzi haujui. Wamekupa chumba chako, mdogo wangu, ili mlango ufungike vizuri."

"Na yule wa sinia?"

"Wa sinia anabaki. Kasimama mbele ya bwana mkubwa. Utamkataje yeye bila kumkata mzungu wa watu?"

Tangu siku hiyo Stovall alikataa kila onyesho la peke yake. Kazi zikakauka, akabeba mkoba wa posta, akigawa barua. Mapema mwaka 1946 aliitwa kucheza mtumishi wa bwana mmoja aliyeamini kuwa mkewe amezama na meli. Bwana huyo aliigizwa na Garrett Lyle, aliyependwa nchi nzima. Kwa jinsi ilivyoandikwa, Lyle angevaa koti na kutoka. Ndipo mtumishi, peke yake jikoni, angepokea simu kwamba bibi yu hai, akazimia ndani ya pipa la unga.

Inez Tolliver, mshona nguo za waigizaji aliyekuwepo siku hiyo, ndiye aliyesimulia yaliyotokea. Stovall aliingia kabla ya zamu yake. Alimshikia Lyle koti, akangoja mpaka mkono ukazama katika mkono wa koti, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Bibi yuko hai, bwana." Koti hakuliachia. Lyle, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshindwa kutoa chozi, aligeuka akamtazama, akalia kweli.

Mwongozaji alisimamisha kazi.

"Lem, simu unaipokea jikoni. Peke yako. Ndipo watu wanapocheka."

"Jikoni nimecheza miaka mingi, bwana, na mama yangu hajaniona."

"Mama yako anahusika nini na picha yangu?"

"Ananunua tiketi kama wengine."

Aliamriwa arudie kama ilivyoandikwa. Alichukua koti, akasimama palepale. Aliambiwa kwamba hataajiriwa tena.

"Basi hii ni ya mwisho," alijibu. "Niacheni niifanye vizuri."

Walirudia mpaka jioni. Lyle hakulia tena, na kwa kuwa chozi lile lilihitajika, kipande cha kwanza ndicho kilichobaki.

Kampuni ilitimiza ahadi yake; Stovall hakutamka neno tena katika picha yoyote. Alirudi kwenye mkoba wa posta, na jioni aliwafundisha vijana katika ukumbi wa kanisa. Hakuwafundisha kulia wala kuchekesha kabla ya kuwafundisha mahali pa kusimama. "Simama pale ambapo wakikutoa, hadithi inaanguka," aliwaambia. Walipomuuliza kama alijuta, naye aliwauliza kama walitaka somo au walitaka kwenda nyumbani.

Mwonyesha picha wa jumba la Tarver's Ford alikiri, miaka mingi baadaye, kwamba mkasi aliushika. Aliurudisha mezani, kwa sababu bila mtumishi yule hakuna ambaye angeelewa kwa nini bwana ameacha kuomboleza. Picha ikaonyeshwa nzima.

Bi Arzula alizikwa mwezi mmoja baada ya picha hiyo kuonyeshwa. Jirani yake mmoja alishikilia kuwa aliiona kofia yake ya kanisani kwenye ngazi za nje Jumamosi ile. Mwanamke aliyemuuguza alishikilia kuwa miguu ilikuwa imemkatalia tangu Agosti. Stovall aliwasikia wote wawili na hakumchagua yeyote. "Mimi nilikuwepo kwenye pazia," alisema. "Hilo hawaniondolei."

Kama Bi Arzula alipanda ngazi Jumamosi ile, haijulikani.