Mininga ya Domisiana juu ya Chemchemi ya Nyarukundo

Siku ya Jumatano, tarehe 12 Novemba 1997, saa mbili asubuhi, watu kumi na tisa walikusanyika juu ya chemchemi ya Nyarukundo, katika kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara: wanawake kumi na sita na wanaume watatu, mimi nikiwa mmoja wao. Kila mmoja alikuja na jembe. Orodha niliiandika mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule na katibu wa kikundi hicho cha kupanda miti. Jina la kwanza ni la Domisiana, mjane wa Matiasi, aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Kilima kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kitupu. Kabla ya Aprili 1994 kilikuwa msitu wa mininga na milama. Wakimbizi kutoka Rwanda walipofika kwa mamia ya maelfu na kupiga kambi Benaco, kila jiko lilihitaji kuni na kila kibanda kilihitaji nguzo. Kwanza ilikatwa miti, kisha vikang'olewa visiki, kisha ikachimbwa mizizi. Si haki kusema kwamba wageni walikata peke yao. Wenyeji wengi walikata na kuwauzia. Domisiana mwenyewe alibeba kuni kichwani hadi Benaco na kurudi na mafuta ya kupikia, na jambo hilo hakulificha. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, Warundi wa kambi ya Lukole wakabaki. Nasi tulibaki na chemchemi iliyojaza ndoo moja kwa muda ambao zamani ingejaza nne.

Domisiana aliomba kilima hicho kwenye mkutano wa kijiji. Ombi hilo halikuwa dogo. Kwetu, anayepanda mti amejitwalia ardhi: mti ni mpaka, ni ushahidi, ni urithi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Thobias, mdogo wa marehemu Matiasi, naye alilielewa ombi kwa namna hiyo.

"Shemeji," alisema, "mninga umepandwa lini na mtu? Huo ni mti wa Mungu."

"Mungu aliupanda, tukaukata. Tumtume tena?"

"Au unatafuta shamba kwa kupitia miti?"

"Andikeni kwamba nikishindwa mkichukue kilima."

Ndivyo ilivyoandikwa. Kikundi kilipewa ekari nne kwa miaka mitatu. Katika mwaka wa tatu, shirika la kigeni lililokuwa likirejesha misitu lingekagua. Ikiwa nusu ya mashimo yangekuwa na miti hai, kilima kingehifadhiwa mikononi mwa kikundi. Ikiwa sivyo, kingepandwa mikaratusi ya nguzo chini ya serikali ya kijiji. Domisiana alikuwa ameona bonde moja kule Biharamulo, alikozaliwa, likikauka baada ya kupandwa mikaratusi. Kwake yeye, kukipoteza kilima kulikuwa sawa na kuyapoteza maji.

Alikuwa binti wa mrina asali. Aliujua mninga mkubwa: gome lake, utomvu wake mwekundu kama damu, majira ambayo nyuki huyafuata maua yake. Mninga mdogo hakuujua, wala hapakuwa na mtu katika kata yetu aliyeujua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuotesha. Alikwenda Biharamulo akarudi na magunia mawili ya matunda yake, yale yenye bawa la mviringo na miiba katikati. Aliyafukia mazima, akamwagilia miezi miwili. Hakuna lililoota. Baadaye alitambua kwamba mahali moto wa nyasi ulipopita upesi, maganda yalikuwa yamelegea. Akaanza kuyatandaza chini, kuyafunika kwa nyasi chache, kuyachoma, kuyapasua kwa kisu, na kuiloweka mbegu iliyokuwa ndani, isiyozidi punje ya haragwe.

Ernesta, jirani yake, alisimama akamtazama.

"Mama Agness, hizo utazila na chumvi au na ndizi?"

"Na ulimi wako."

Katika kila mbegu mia ziliota kama thelathini. Hizo ndizo tulizozipanda ile Jumatano, mbili mbili katika kila shimo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kiasi, na miche ilisimama vizuri. Juni 1998 ilikauka yote kuanzia kwenye ncha hadi ardhini. Ndipo lilipotokea kosa ambalo, nadhani, lisingetokea penginepo. Katika miaka ile hapakuwa na mwanamke wa Kasulo aliyeweza kukipita kijiti kikavu akakiacha. Ernesta na wenzake watatu walipanda kilimani asubuhi moja, wakaona mashimo mengi yenye vijiti vikavu, wakaving'oa kwa ajili ya kuwashia moto. Ernesta ndiye aliyemwita Domisiana.

"Njoo uone. Juu njiti ya kiberiti, chini kidole gumba."

Domisiana aliukwaruza mzizi kwa ukucha. Utomvu mwekundu ukatoka. Akaketi chini.

"Mmeng'oa mingapi?"

"Sitini. Labda na zaidi. Mingine imeshapika uji."

Hapo ndipo alipojifunza kwamba mninga mchanga hulisha mzizi kwanza, na kwamba kila kiangazi hukubali kupoteza shina lake ili mzizi uendelee kushuka. Tangu siku hiyo aliweka jiwe kando ya kila mche. Alichagua mawe kwa sababu vigingi vya miti visingelala hapo usiku mmoja bila kuchukuliwa kuwa kuni. Mawe yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Novemba ilipofika, machipukizi yalitoka kando ya mawe mia tatu na tisini. Kiangazi cha 1999 yalikauka tena, na mvua ziliporudi yakachipua tena, marefu kidogo kuliko mwanzo.

Januari 2000, kwa ombi lake, niliandika barua kwa shirika nikaeleza tabia ya mti huo na kuomba ukaguzi ufanyike wakati wa mvua. Nilijibiwa kwa sentensi mbili: mwaka wa shirika hufungwa mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo ukaguzi utafanyika Agosti.

Bwana miti wa shirika, kijana mwenye adabu aliyeitwa Ansbert, alifika Jumanne, tarehe 22 Agosti, akiwa na Thobias.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye miti."

Ansbert alitazama huku na huku. "Iko wapi?"

"Mmoja uko chini ya kiatu chako."

"Shemeji," alisema Thobias, "bwana miti anaona mawe. Umepanda mawe." Baadhi ya wanakikundi wakacheka.

Domisiana alichukua jembe, akachimba taratibu hadi shimo likamfika gotini. Mzizi ulikuwa mnene kama mpini, na ulikuwa bado unaendelea chini.

"Huu umekufa?"

"Hauna jani, mama."

"Nawe ukilala usingizi tukuchongee jeneza?"

Kijana hakukasirika. "Mimi nakuamini. Lakini fomu inauliza mashina yenye majani. Mzizi hauna nafasi."

"Uandike pembeni."

"Pembeni hawasomi."

"Basi rudi Novemba."

"Novemba mkataba wangu umekwisha."

Alihesabu kwa uangalifu. Mashimo yenye alama: mia nne na kumi na mawili. Mashina yenye majani: tisa. Karatasi ililetwa kwangu niitie saini kama katibu. Domisiana alinitazama akasema, "Mwalimu, wewe unajua." Nilijua. Lakini hesabu ya majani ilikuwa sahihi, nami nilitia saini.

Novemba mwaka huohuo miche ya mikaratusi ilishushwa kwa lori. Kila mchimbaji wa mashimo aliahidiwa kilo ishirini za unga na lita mbili za mafuta. Kumi na mmoja katika kikundi chetu walikwenda. Domisiana alikuwa miongoni mwao, na watu walishangaa.

"Hata wewe?" Ernesta alimwuliza.

"Nikikaa nyumbani mtachimba juu ya mawe. Nikiwepo nitachimba kando."

Alichimba kando kweli. Adhuhuri msimamizi alivuta kamba, akakuta mstari wake umepinda mahali pengi, akamwamuru ayafukie mashimo yake na kuyachimba upya kufuata kamba. Kamba ilipita juu ya mawe. Mininga ilikuwa imekwisha kuchipua, urefu wa shubiri moja. Aliichimbua mwenyewe, kwa jembe lake, mpaka mwisho wa mstari. Ernesta alikuwa mstari wa pili, na siku hiyo hakumtania.

Domisiana aliuchukua unga wake. Mafuta aliyaacha pale yalipopimwa.

Mikaratusi ilistawi haraka. Agosti 2003 chemchemi ya Nyarukundo ilikauka kwa mara ya kwanza, na mvua za mwaka uliofuata hazikuirudisha. Sasa maji huchotwa bondeni, mwendo wa saa moja na robo. Nguzo zilivunwa mwaka 2005, Thobias akaezeka ofisi ya kijiji, na watu wakamsifu. Sikuwa na la kumpinga, kwa kuwa yote yalikuwa yamefuata mkataba.

Hesabu hii ni ya tarehe 31 Desemba 2005. Katika watu kumi na tisa wa siku ya kwanza, sita wamefariki, Ernesta akiwa mmoja wao. Wanne wamehamia wilaya ya Biharamulo, akiwemo Domisiana, aliyeondoka Juni 2004 kwenda kwa kaka yake, akisema magoti yake hayawezi tena kupandisha maji kutoka bondeni. Tisa wamebaki Nyarukundo. Mininga iliyobaki kilimani ni sifuri.