Tulivyoingia Ukweni Kinyumenyume

Bora niwaambie mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine watawaongezea chumvi. Yule mzee wa Kithimani aliyepeleka ntheo kinyumenyume ni mimi. Chekeni kwanza mmalize, halafu tuendelee.

Mimi nauza viatu vya mitumba sokoni, na ukoo wetu wote unanijua kwa mdomo: nikianza kupatana bei, muuzaji anaishia kuniomba radhi. Ndiyo maana mpwa wangu Mutua, anayefanya kazi kiwandani na kupanga nyumba kule Mlolongo, alipotaka kupeleka ntheo kwa kina Ndanu huko Ekalakala, alinichagua mimi niwe msemaji. Ntheo, kwa wasiojua, ni wale mbuzi watatu tunaowapelekea wazazi wa msichana kabla ya mambo mengine yote. Wakipokelewa, huyo ni wako mbele ya watu. Wakikataliwa, unarudi nao nyumbani na kila mtu njiani anajua ulichoambiwa.

Mutua alinijia na gari lake jipya (jipya kwake, maana Mjapani alikuwa amelichoka), otomatiki, refu nyuma. Tukapakia mbuzi, nikawahesabu, nikawahesabu tena, halafu nikanyoosha mkono.

"Lete funguo. Msemaji hapelekwi kama mzigo."

"Anko, wewe umezoea pikapu. Hii ni otomatiki."

"Gari ni gari. Nimeendesha kabla hujaota meno."

Hapo ndipo nilipojinunulia aibu, tena bila kuuliza bei. Sasa mimi nikiona mteremko naona petroli ya bure, kwa hivyo kila tulipofika mahali barabara inashuka nilikuwa naitupa gia kwenye nyutro, gari linateleza lenyewe, mimi najipongeza, halafu chini kabisa, tukiwa bado tunakimbia, nairudisha D kwa nguvu na gari linaruka kama limeumwa na siafu. Mutua akasema otomatiki haiendeshwi hivyo. Nikamwambia vijana ndio mnatajirisha wenye vituo vya mafuta. Tuliposimama Matuu kununua sukari ya wakwe (kusimama ni namna ya kusema, maana niliweka P, ile ya kuegesha, magurudumu yakiwa bado yanazunguka), kitu huko chini kilisaga kama mtu anayetafuna changarawe, na mbuzi wote wakalia pamoja.

Lakini kilichomaliza maneno ni mchanga. Kabla ya kufika kwa kina Ndanu kuna mto mkavu, na katikati ya huo mto tukakwama. Nikaanza kulibembeleza gari nyuma, mbele, nyuma, mbele: R, D, R, D, mguu wangu haujatoka kwa mafuta hata kidogo.

"Anko, kanyaga breki! Ngoja isimame kwanza ndiyo ubadilishe!"

"Nikingoja isimame tutafika lini?"

Tulitoka, ndiyo, huku tukinuka kama ugali ulioungua. Nikacheka. Nilicheka mpaka tulipofika chini ya kilima, nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma vizuri tu, na gari likabaki pale pale. D, hakuna. Zote za mbele, hakuna. Nikajaribu R, likaitika mara moja, tena kwa furaha.

Simu ya Mutua ikalia. Ilikuwa Ndanu. "Mko wapi? Akina mama wako kwa geti wanaimba, na shangazi ameanza kuuliza kama mmebadilisha nia."

"Tuache gari hapa," Mutua akaniambia. "Tupeleke mbuzi kwa miguu."

"Msemaji aingie kwa watu akiswaga mbuzi?" Nikageuza gari, nikakunja shingo, tukapanda kilima kinyumenyume.

Nyimbo hazikukatika ghafla. Zilipungua mdomo mmoja mmoja. Walichokiona ni vichwa vitatu vya mbuzi kwenye kioo cha nyuma vinawakaribia. Shangazi yake Ndanu, mama mnene mwenye leso ya njano, akasimama katikati ya geti.

"Aiyai! Hawa wanaingia ama wanatoka?"

Nikashuka, nikajipangusa vumbi. "Mama, hiyo ni heshima. Tumetanguliza zawadi."

Wachache wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtu anakupa mgongo siku ya ntheo, hiyo nyumba itaenda mbele kweli? Rudini na mbuzi zenu. Gari tayari linaangalia kwenu."

 Ndanu alikuwa mlangoni, mkono mdomoni, na sikujua kama anacheka au analia. Babake akaja polepole.

"Hili gari ni la nani?"

"Langu, mzee," Mutua akasema.

"Na nani ameliharibu?"

Mutua hata hakunitazama. "Limeharibika njiani, mzee."

Basi. Hakuongeza kitu. Angenitaja angekuwa na haki yake, na geti huenda lingefunguka, lakini alisimama pale na mchumba wake karibu anaponyoka, akinifunika mimi. 

"Nimeliharibu mimi," nikasema. "Alinikataza njia nzima, nikajifanya sisikii."

Mzee akanitazama, akamtazama Mutua, akamgeukia dada yake. "Huyu kijana amemfichia mjomba wake aibu mbele yetu. Na sisi tuko na aibu zetu za kufichiwa. Fungua geti."

"Nafungua," shangazi akasema, "lakini huyu msemaji leo asiseme."

"Hata salamu?" nikauliza.

"Hata salamu."

"Hata ya kuagana?"

"Nifunge tena?"

 Mutua alijisemea mwenyewe, maneno machache, na mbuzi wakapokelewa upesi kuliko nilivyowahi kufanikisha jambo lolote kwa mdomo wangu. Hiyo iliniuma kuliko giaboksi, na giaboksi nililipia mimi kuitengeneza.

Sasa nimeapa: mteremkoni gia inabaki D, gari lisimame kabisa ndiyo niguse gia, na otomatiki ya mtu mwingine nitaipanda kama abiria, mikono mfukoni. Mutua na Ndanu wanaishi vizuri huko Mlolongo. Shangazi ndiye bado hajanisamehe bei yote: kila akija sokoni Kithimani na kuniona kwa mbali, anageuka, anashika leso yake vizuri, halafu anakuja kunisalimia akitembea kinyumenyume.