Kufuli Yangu kwa Geti ya Ploti

Leo mnitusi tu, sitajibu.

Mnajua vile trela zinaibiwa huku mtaani Satellite. Yangu ndio hubeba tenti na viti zangu za kukodisha. Kwa hivyo jana jioni nikaifunga na cheni kwa geti kubwa ya ploti yetu, pale tunapanga. Nikaweka kufuli kubwa kama ngumi. Nikajipongeza hadi nikapiga picha.

Asubuhi nikapita kageti kadogo, nikaenda Upper Hill kuona kastoma. Ufunguo mfukoni, simu silent.

Kutoka hapo, missed calls kumi na moja! Zote za jirani yangu, Mama Wafula. Mzee wake hatembei, na leo ilikuwa siku yake ya dialysis hospitalini. Wheelchair haipiti kageti, na teksi haingeweza kuingia, geti kubwa imefungwa na kufuli yangu.

Nilirudi mbio. Nikapata majirani wameng'oa geti kubwa, mzee ameshapelekwa hospitali.

Lakini Mama Wafula alikuwa amekaa hapo kwa kiti ya plastiki, kando ya trela.

"Mama, kwani hukuenda na yeye?"

"Na geti imetolewa, kijana wangu? Trela yako ningeachia nani?"

Niambieni, huyu mama naanza kumwomba msamaha wapi?