Jumapili Iliyomezwa Dukani kwa Laku

Josline ana miaka arobaini na miwili, na tisa kati ya hiyo ameiishi hapa Juba. Alikuja kutoka Mukono na sanduku moja na mtoto mmoja, Peace, ndiyo maana sisi wa mtaa wa Hai Cinema humwita Mama Peace. Anauza katika duka la Bwana Laku, lile la unga, sabuni na maziwa ya kopo, ambalo cherehani yangu iko barazani kwake. Yeye ni Msabato, mimi ni Mkatoliki, na hatujawahi kugombana kwa hilo hata siku moja.

Mapatano yake na Bwana Laku ni ya zamani na ni mepesi. Ijumaa jua likizama, Josline haonekani tena dukani mpaka Jumapili asubuhi. Jumapili wenzake wakiwa kanisani, yeye anauza peke yake kutwa nzima. Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Kisha akaja Ponsiano.

Nimejaribu kumpenda Ponsiano, kwa sababu tumeamriwa. Nimepiga magoti kwa ajili yake, na kila nikiinuka namkuta vilevile, amesimama mlangoni na kalamu tatu mfukoni. Alisoma kompyuta Kampala miezi mitatu. Miezi mitatu! Mimi kushona tu kulinichukua mwaka, tena kwa fimbo. Bwana Laku alipohamia Entebbe watoto wake wakasome, alimfanya huyu kuwa meneja, maana ni mtoto wa shangazi ya mkewe. Daftari likatupwa, ikawekwa kompyuta, na Ponsiano akaanza kutamka "sistemu" kama padri anavyotamka "Bwana awe nanyi".

Sistemu hiyo ina desturi moja, na hata mimi niliyeishia darasa la saba nimeielewa. Kila jioni duka likifungwa, meneja lazima aingize namba yake ya siri na kubonyeza mahali pa kufunga siku. Asipofunga, kompyuta haijui kwamba watu wamelala na jua limechomoza. Kwake ni siku ileile tu. Utakachouza kesho yake inakiandika kwa tarehe ya jana. Haichungulii dirishani.

Sasa Jumamosi kuna mpira. Saa tisa Ponsiano anavaa jezi, anamwambia Owen, yule anayeuza Jumamosi, "Nitarudi kufunga siku," anapanda boda kwenda New Site kwenye banda la mpira. Harudi. Timu yake ikishinda harudi kwa furaha, ikishindwa harudi kwa huzuni. Owen anatia kufuli mlangoni, lakini kufuli haifungi kompyuta. Jumatatu asubuhi ndipo Ponsiano anaifunga Jumamosi yake, huku anapiga miayo, na kompyuta inarukia Jumatatu moja kwa moja. Jumapili nzima ya Josline imemezwa na Jumamosi.

Siyo kwamba Ponsiano hakuulizwa. Jumapili ya kwanza Josline aliona maandishi mekundu kwenye kioo yakiuliza kama aendelee, akampigia simu.

"Bonyeza ndiyo, uendelee, nyabo," alimjibu kwa sauti ya usingizi, nyabo yaani mama kwa Kiganda. "Usisumbue sistemu."

Basi akabonyeza. Mwisho wa mwezi ripoti ikaenda kwenye simu ya Bwana Laku kule Entebbe. Jumamosi zote nne zina jina la Josline, maana kila muuzaji huingia kwa jina lake. Jumapili zote nne hazina kitu.

Jumatano Ponsiano alitoka na karatasi mkononi, duka limejaa watu. Angeweza kumwita pembeni. Hakutaka pembeni.

"Mama Sabato! Njoo uone Sabato yako."

"Kuna nini, bwana ssebo?"

"Soma hapa. Jumamosi, Josline. Jumamosi, Josline. Kumbe unakuja kuuza kwa siri, halafu Jumapili unafunga duka unalala?"

"Jumamosi mimi niko kanisani. Muulize Owen."

"Owen ana urafiki. Mashine haina urafiki."

"Na wewe mwenyewe si uko hapa Jumamosi? Uliniona?"

"Ulikuja nikishaondoka. Mungu wako anaweza kufumba macho, mama, lakini sistemu haifumbi."

Nilijichoma sindano niliposikia hayo. Mtu yuko dukani Jumamosi nne mpaka saa tisa, macho yake mawili hayajamwona huyu mwanamke, lakini anaamini karatasi kuliko macho aliyopewa na Muumba. Na watu walicheka, wale wale wanaofungiwa unga na Josline kila siku.

Bwana Laku akapiga simu, Ponsiano akaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie.

"Mama Peace, mimi niliheshimu Sabato yako. Kama unaivunja kwa siri, basi uivunje wazi. Jumamosi hii nenda ukatubu. Ijayo uko kazini kama wengine. Hutaki, mwachie Ponsiano funguo. Kalas, imekwisha."

Jioni Josline alikaa nami barazani. Alisema kazi ataiacha, hatauza Sabato hata wamfukuze Juba nzima, ingawa Peace yuko darasa la mtihani na hajui atakwenda wapi. Kisha akanigeukia.

"Mama Susan, wamesema nilikuwa namdanganya Mungu."

Nilimshika mkono.

Jumapili alifungua duka kama kawaida. Mimi nilitoka misa ya asubuhi nikapita kununua sabuni, nikamkuta Viola, jirani yetu wa nyuma, amerudi na kopo la maziwa lililobonyea na risiti yake.

"Nibadilishie, hili lina tundu."

Josline akaitazama ile risiti, akaitazama tena. "Viola, umenunua lini hili kopo?"

"We Mama Peace, umelewa? Si sasa hivi! Hata nyumbani sijakaa!"

Risiti ilikuwa na tarehe ya jana. Nani husoma tarehe ya risiti? Sisi tunazifungia njugu. Josline hakupiga kelele. Alichukua simu, akampigia Bwana Laku kwa sauti kubwa.

"Bosi, samahani. Leo ni siku gani?"

"Umenipigia Entebbe kuniuliza siku?"

"Niambie tu, bosi."

"Jumapili."

"Usikate." Akaniuzia sabuni yangu, risiti ikatoka, akaipiga picha akaituma palepale.

Tulimsikia Bwana Laku akipumua. "Hii imeandikwa Jumamosi."

"Ndiyo. Na Mama Susan yuko hapa na sabuni mkononi, na Jumapili iko nje imejaa jua. Jana meneja alienda kwenye mpira, siku haikufungwa, bosi. Namba ya kuifunga anayo meneja peke yake."

Ponsiano aliitwa, akaja na boda, bado amevaa jezi ya jana.

"Ni network, bosi," akasema kwenye simu.

"Network ndiyo ilienda kutazama mpira?"

Viola alicheka mpaka akakalia gunia la mchele. Ponsiano akaanza kupangusa kioo cha kompyuta kwa kiganja, kana kwamba ni vumbi lililokosea tarehe.

Mtu angedhani Ponsiano atafukuzwa. Shangazi ya mke si jambo dogo. Bwana Laku alimrudishia Josline Sabato yake, akaomba radhi, mara moja na haraka haraka, kisha akasema, "Mama Peace, nitakupa namba. Jumamosi uje tu dakika mbili, ubonyeze."

"Jua likishazama, bosi. Kabla ya hapo hata dakika moja hapana."

"Linazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Na duka linafungwa saa mbili."

"Basi, sawa."

Hivyo ndivyo ilivyo sasa. Jumamosi jioni Josline anakuja na gauni lake la kanisani, anaifunga siku ya watu wengine, anarudi nyumbani kwa mguu. Hajaongezwa hata pauni moja. Jumapili zake zinatoka na tarehe zake. Mshahara wa kufunga siku anachukua yule asiyefunga.

Juzi nilimsikia Ponsiano akimweleza mteja mlangoni, "Kufunga siku ni kazi nzito. Nimemfundisha huyu mama mwenyewe, pole pole, mpaka akaelewa."

Josline alikuwa anapanga sabuni. "Asante, mwalimu," akasema.

"Karibu, nyabo," Ponsiano akaitika, tena kwa furaha ya kweli.