Paka wa Nalufenya niliyempelekea mama yangu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika. Ninayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe, siyo rafiki wa rafiki. Nitaficha majina tu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni mwanamke, nafanya kazi ya magereza hapa Jinja. Marehemu baba alikuwa askari jeshi kutoka kaskazini, mama ni Mgisu wa Mbale, na nyumbani lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili changu ni cha kambini. Mkikuta kimepinda, kinyoosheni kimoyomoyo.

Ilianzia Nalufenya, hapahapa Jinja, kipindi cha mvua.

Kuna mtaro karibu na duka ninaponunua airtime. Jumatatu asubuhi nikienda kazini nikaona paka dume, rangi ya majivu, amelala ukingoni mwa mtaro, taya limekwenda upande. Nilidhani ameshakufa. Akafungua jicho moja.

Nikapita.

Jumanne alikuwepo palepale. Nikapita tena, safari hii nikiangalia simu ili nisimwone.

Jumatano mvua ilikuwa imenyesha, maji ya mtaro yanampita miguuni na hana nguvu ya kujisogeza. Hapo nikashindwa. Nikaomba boksi tupu dukani, nikavua sweta la kazi, nikamfunika nalo, nikamwinua. Hakunikwaruza hata kidogo. Alikuwa mwepesi kama nguo.

Mwenye duka akaniambia boda ilimgonga Jumapili. Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Nikaomba ruhusa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo mmoja hapa Jinja, mzee mpole aliyezoea ng'ombe. Alivaa glavu mpaka kwenye viwiko. Akasema taya limevunjika. Halafu akapekua manyoya ya paja la nyuma, akanionyesha vishimo vinne vyenye usaha.

Akasema haya siyo ya boda, haya ni meno. Huyu aling'atwa na mbwa, na siyo jana wala juzi.

Akaniuliza kama kuna mtu paka huyu amemng'ata. Nikasema hapana, na siku hiyo ilikuwa kweli. Akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, ila akanionya kwamba kama ugonjwa ulishaingia, chanjo hiyo haitasaidia kitu. Akasema asishikwe bila glavu, na akimng'ata mtu, mtu huyo aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha akimbie hospitali siku hiyohiyo.

Wakuu, nilimsikia. Lakini nilimsikia kwa masikio ya mtu anayewaza atarudi kazini saa ngapi.

Kuhusu taya, alisema linahitaji kufungwa kwa waya, na yeye mikono yake ni ya ng'ombe. Akanielekeza kwa mwenzake wa Mbale, daktari mama anayefanya surgery za mbwa na paka.

Sasa hela. Nilikuwa nimeweka akiba ya mabati ya jiko la mama yangu. Mama anaishi Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, peke yake tangu baba afariki. Nikampigia nikamweleza, nikijua atanigombeza.

Akacheka. Akaniambia, "Paa hilo linavuja mwaka wa tatu, halitakufa wiki hii. Huyo atakufa."

Basi nikachukua siku zangu za leave, mimi na boksi langu, tukaenda Mbale.

Kliniki yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Daktari alifanya kazi kwa muda wa saa mbili hivi, mimi nimekaa nje kwenye gunia la pumba. Pamoja na dawa nililipa laki nne kasoro kidogo. Sisemi hili ili mnisifu. Nimelisema kwa sababu baadaye hela hii iliingia kwenye hesabu nyingine, mtaona.

Daktari akasema paka atalishwa uji mwepesi kwa sirinji, kidogokidogo, kila baada ya saa chache, kwa wiki kadhaa. Glavu ni lazima.

Mimi naingia shift za saa kumi na mbili mfululizo. Nani angemlisha? Sajini mwenzangu ninayepakana naye kwenye kota aliniambia kwenye simu nimrudishe mtaroni, kwamba Mungu ameona nilivyojaribu, inatosha. Wakuu, kuna siku namchukia kwa maneno hayo, na kuna siku natamani ningemsikiliza.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema, "Mlete hapa. Tutakaa wawili."

Nikamwachia dawa, sirinji, pakiti nzima ya glavu, nikamweleza yote ya daktari. Naam, yote, isipokuwa moja. Habari ya meno ya mbwa niliipunguza. Nilimwambia ana kidonda pajani. Sikutaka aogope akabadili mawazo.

Hapo ndipo pananiuma kuliko pengine popote.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri mno. Mama alimpa jina, Mgeni. Alikuwa ananitumia voice note asubuhi na jioni. Mgeni amekunywa uji wa mukene (ndiyo dagaa wetu wa ziwani, nilimpelekea kutoka Masese). Mgeni amekaa mlangoni anaota jua. Mgeni amejilamba mkono. Sauti yake ilikuwa na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba. Nilikuwa nazisikiliza mara mbili mbili nikiwa zamu.

Siku ya sita voice note haikuja. Nikapiga mimi. Mama akasema Mgeni amejificha chini ya kitanda, hataki kula, udenda unamtoka, na analia kwa sauti ambayo siyo yake.

Nikampigia daktari wa Mbale. Akasema udenda unaweza kuwa wa taya, au waya umeleta uchafu, au ni jambo baya zaidi. Mtu yeyote asimguse, chumba kifungwe, atakuja mwenyewe kesho yake asubuhi. Kisha akauliza kwa sauti ya taratibu sana, kuna mtu aliyeng'atwa?

Nikampigia mama. Akasema hapana.

Nikauliza tena. Akasema, "Nimeshakuambia hapana, mwanangu."

Nikampelekea daktari jibu hilo.

Mgeni alikufa kabla hakujapambazuka vizuri. Daktari alipofika, mama alikuwa ameshamvuta kwa jembe na kumzika kwenye migomba. Daktari alimuuliza yeye mwenyewe, uso kwa uso, na mama akakana kwa mara ya tatu.

Nililia, wakuu. Nilimlilia paka. Nilidhani hilo ndilo jambo lenyewe la kulilia.

Jumapili nilikuwa off, siku nne baada ya paka kufa. Nikaenda Nakaloke kumwona mama. Alikuwa amepika matooke na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Kigisu. Nikamletea maji ya kunawa, kama kawaida, mimi namimina yeye ananawa. Mkono wa kulia akanawa. Wa kushoto ukabaki ndani ya kitenge.

Nikamwambia anipe na huo mwingine. Akasema ni msafi.

Nikauchukua kwa nguvu, Mungu anisamehe. Kwenye nyama ya chini ya kidole gumba kulikuwa na vidonda viwili vidogo vilivyoanza kukauka, na chini yake vingine viwili.

"Mama, hii ni nini?"

"Kisu."

"Kisu hakina meno, Mama."

Akaacha kuuvuta mkono. Halafu akaniambia yote, polepole, kama mtoto. Ilikuwa siku ya tatu tangu Mgeni afike. Glavu ilikuwa inateleza kwenye sirinji, akaivua ili amsafishe mdomo vizuri. Paka akamng'ata mara moja, akaachia, akarudi kulala mapajani mwake. Mama akasuuza mkono kwa maji ya mtungi, akafunga kitambaa. Sabuni hakutumia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alisema angesema, tungemuua Mgeni. Na baada ya Mgeni kufa, alisema, hela ya mabati ilikuwa imeshakwisha kwa paka, asingekubali niingie deni kwa ajili ya mkwaruzo wa kizee.

Chakula kilibaki pale mezani. Hatukukigusa.

Siku nane zilikuwa zimepita tangu ang'atwe. Kituo cha afya cha kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa imekwisha. Tukaingia Mbale mjini. Kliniki ya kwanza ya private hawana. Ya pili hawana, ila nesi alipousikia mwaka wa kuzaliwa wa mama na idadi ya siku, aliinamisha macho kwenye kitabu chake. Ya tatu walikuwa na dozi moja, zingine wakasema zitaletwa kutoka Kampala.

Daktari wa pale alikuwa kijana. Aliosha kidonda mwenyewe kwa sabuni, muda mrefu, japokuwa kilikuwa kimeanza kupona. Akanieleza kuna dawa nyingine ambayo huingizwa kwenye kidonda chenyewe, nayo ni muhimu kwa jeraha la kung'atwa kama hili. Akapiga simu sehemu tano mbele yangu. Haikuwepo.

Nilimuuliza kama tumechelewa.

Akasema, "Tumechelewa, ila hatujakosa. Tuanze sasa hivi."

Tuliporudi Nakaloke nilichukua jembe nikaenda migombani. Nilitaka nimfukue, wakampime, nijue. Nikampigia daktari wa paka kwanza. Akasema kwa mvua hizi na siku nne ardhini, kipimo kinaweza kusema hakuna ugonjwa wakati upo. Hata kikisema hakuna, sindano za mama lazima ziendelee. Akaniomba nisifukue. Nikasikia analia, yeye aliyeuliza mara zote alizopaswa kuuliza.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanipokonya jembe.

"Mwache alale," akasema. "Hakuniuma kwa ubaya. Nilimgusa panapouma."

Kwa hiyo hatujui, wakuu. Na hatutajua kamwe. Huenda Mgeni alikufa kwa uchafu wa taya tu, na mimi najitesa bure. Huenda siyo.

Sindano zote mama amemaliza, hakuruka hata moja. Kila siku ya sindano nilisafiri kutoka Jinja nikampeleka mwenyewe, maana simwamini tena akisema ameenda, na hilo nalo limeingia kati yetu kama mtu wa tatu. Mabosi wangu wamenivumilia, sajini amenishikia zamu. Hakuwahi kuniambia "nilikuambia". Angeniambia, ningepata nafuu.

Leo ni mwezi wa tatu. Kidonda kimepona, kovu lenyewe huwezi kuliona bila kulitafuta. Daktari kijana anasema kila wiki inayopita ni nzuri, lakini nilipombana akakiri kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa miezi, mara chache hata mwaka, ndipo ujitokeze. Na ukishajitokeza hakuna hospitali, hakuna hela, hakuna kitu. Aliniambia dalili za kuangalia. Moja ni mgonjwa kuogopa maji, kushindwa kuyameza.

Mama hakuwepo chumbani tulipoongea hayo.

Ninachotaka mchukue hapa siyo kwamba mwache wanyama mitaroni. Sina uwezo wa kusema hivyo. Nimejaribu kujuta kwamba nilimwinua na nimeshindwa, nakumbuka tu alivyokuwa mwepesi. Chukueni haya: ukiokota mnyama, mweleze ukweli wote yule unayemwachia, hata kama utamtisha. Meno yakimpata, ni sabuni na maji mengi robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata mnyama awe mzuri namna gani. Na wazee wetu wasifike mahali pa kuona kwamba maumivu yao ni gharama kwetu. Mimi nilimfikisha mama yangu hapo bila kujua, kwa kumhesabia mabati.

Asubuhi hii nimempigia, kama kila siku. Nimemuuliza kama amekunywa chai. Akasema amekunywa vikombe viwili. Nikamuuliza imeshuka vizuri?

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

Halafu akasema, "Imeshuka, mwanangu. Hata kesho utaniuliza, na nitakunywa huku unasikia."

Nimekaa kitandani na uniform nusu, nusu sijavaa, nawaandikia nyinyi badala ya kwenda kazini.

Matusi yenu nitayasoma, na ushauri pia nitausoma. Lakini kama humu yupo ambaye mtu wake alichelewa sindano kama mama yangu, naomba ajitokeze, hata PM. Mliacha kuhesabu siku lini?