Mwamba Uliopiga Magoti

Nimechoka hata kuona aibu, ndiyo maana nawasimulia. Mkuu wangu wa kazi alinituma kutoka Bariadi hadi Meatu kupiga picha ndefu ya ukuta wa korongo moja kavu, wenye matabaka ya mawe mekundu, meupe na ya njano. Ingetundikwa katika ukumbi wa ofisi yetu. Picha ya namna hiyo unazungusha simu taratibu kutoka kushoto hadi kulia, bila kutikisika. Nilikuwa katikati ya ukuta, jua kali, kiuno kinauma kwa pikipiki, mzee mmoja akatokea na ng'ombe wake.

"Mwadila!" akanisalimu.

Mimi ni binti wa Kisukuma. Magoti yalishuka yenyewe, simu mkononi ikiendelea kupiga, nikaitikia, nikainuka, nikaendelea kuzungusha simu. Nyumbani ndipo nilipoona matabaka yote yamebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Nirudi tena Meatu? Nguvu hizo sikuwa nazo.

Mkuu alipouliza, nikajibu kitaalamu, "Hapo ardhi ilididimia zamani sana." Akafurahi mno. Siku ya uzinduzi wa picha akanisimamisha niwaeleze wageni, nami nikaeleza, tena kwa mikono miwili.

Yule mzee wa ng'ombe alikuwa safu ya mbele, amealikwa kama mwenyeji wa korongo. Akainuka polepole, akaisogelea picha, akagusa palipobonyea.

"Binti yangu," akasema kwa upole, ukumbi mzima ukisikia, "nachunga kando ya ukuta huu tangu utotoni, umenyooka. Hapa ndipo uliponipigia magoti."