Mkuu wa Kituo Akishika Mkonga

Mkuu wa kituo cha redio ya mawasiliano hajui kusema taratibu. Kila akishika mkonga hukohoa, hukaza tai, kisha hupiga ukelele hadi mishipa ya shingo ikamsimama, utadhani mapafu yake ndiyo mtambo. Fundi wake, dada aliyekwisha choshwa masikio, alimweleza mara chungu nzima: sahani ile kubwa ya antena hurusha mawimbi angani, hewa ya juu huyatawanya, na kile kidogo kinachodondokea ng'ambo ya milima ndicho kinachonaswa, setilaiti haimo, na kelele hazisaidii kitu. "Usinifundishe kazi," humjibu, akipangusa meza kwa kiganja.

Siku zahanati ya ng'ambo ilipoomba msaada, mama aliyejifungua akivuja damu, daktari alikuja mbio kituoni kuwaelekeza. Mkuu akamwahi kuushika mkonga. "Halo! Hapa ni mkuu wa kituo mwenyewe! Mnanipata?" Akarudia, akarudia tena. "Tunakupata, mzee, tangu mwanzo," ikajibu sauti ya mkunga, ikitetemeka. "Tupe daktari, tafadhali, mama anatuishia!" Mkuu akauziba mkonga kwa kiganja, akamgeukia daktari, uso unamng'aa. "Umesikia? Wamenipata!"